Ufunguo wa Noah kwenye Pindo la Mtani

Juzi nilikuwa kibarazani namenya ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, nimeshaichemsha, chumvi na pilipili ziko pembeni kwenye kisahani, simu ikaita. Kijana wa sauti nisiyoijua akaniuliza kama mimi ndiye Somoe dereva. Nikamwambia dereva alishaondoka zamani, kabaki Somoe mwenye magoti yanayolia. Hakucheka. Akasema Bi Fatu katutoka alfajiri, na aliacha neno kwamba mtani wake wa Magomeni asije akasikia habari kwa watu wa pembeni. Nikasema nimesikia, nikaweka simu kwenye kanga, nikakaa. Wanaonijua wanajua mimi sikai kimya, hata sindano nachomwa huku naongea. Siku hiyo mjukuu wangu alikuja mara mbili kuniangalia usoni akidhani nimelala macho wazi. Mungu anisamehe, sikuwa namlilia Bi Fatu. Nilikuwa nimerudi uani kwake, upande ule wa jikoni, mwaka ule mmoja tu katika maisha yangu niliomiliki gari. Kuna watu wanahesabu miaka yao kwa watoto, wengine kwa waume. Mimi nina mwaka wa Noah, halafu nina miaka mingine yote.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimepanga chumba Magomeni, hii ya Mtwara, na rafiki yangu Mwanahawa. Chumba kimoja, vitanda viwili, katikati tumetundika pazia la kanga ili kila mmoja ajidanganye ana chumba chake. Upande wangu ulikuwa na sufuria za maandazi na nguo zisizokunjwa. Upande wake ungedhani kuna mtu anakuja kukagua. Shule mimi niliachia kidato cha pili, hesabu na mimi tuliachana kwa amani, kila mtu akaendelea na maisha yake. Mwanahawa alimaliza cha nne, akawa fundi cherehani mzuri kabisa, ila alikuwa na pumu, na vumbi la vitambaa likawa linambana kifua kila wiki. Asubuhi nilikuwa namsikia nyuma ya pazia anavuta ile dawa yake ya kupuliza, sisi tulikuwa tunaiita pampu, mara mbili, halafu kimya, halafu anauliza, "Shoga, chai ipo?" Nikisikia swali la chai najua kapona. Ndipo akaamua auze cherehani, na mimi nikauza mikorosho yangu, tukanunua gari. Ukituuliza kwa nini gari nitakwambia ukweli: sisi wawili hatukuwa hata na baiskeli, na mtu asiyejua kitu huwa hakiogopi.

Tuliipata kwa ofisa mmoja mstaafu, Noah ya rangi ya maziwa yaliyolala, imeshazunguka Japani na Dar kabla ya kufika kwetu. Ilikuwa fowili, magurudumu yote manne yanavuta, na ilikuwa otomatiki. Leo ukizisema hizo sifa mbili mtu anakuona una hela. Wakati ule kwa madereva wa Mtwara zilikuwa kasoro mbili, na ndiyo maana tuliichukua kwa bei ya kutupa. Fowili inakunywa mafuta, walisema, na otomatiki gia boksi likifa hakuna fundi wa kulifufua kusini yote hii. Pale stendi walinicheka mpaka wakachoka. Dereva mmoja akaniambia, "Dada Somoe, gari yenyewe haina klachi. Huo mguu wa kushoto ungeuacha nyumbani." Nikamjibu ningeuacha kwake umsaidie kulinda mke. Lakini jioni nilipofika chumbani nilimuuliza Mwanahawa kwa sauti ya chini, hivi kweli tumenunua kilema? Akasema, "Tumenunua gari. Kilema ni dereva."

Fundi wetu alikuwa Chilumba, mtu mfupi anayeongea na injini kuliko anavyoongea na watu. Siku ya kwanza alizunguka Noah mara tatu, akafuta mikono, akasema, "Hii gari ina masharti kama mganga. Betri ikifa usiisukume, haitawaka hata msukume mpaka Lindi. Usiivute kwa kamba magurudumu yakiwa chini, utaua gia boksi. Maji ya chumvi, usimwonyeshe hata kwa mbali. Na ukiitia P, ile ya kuegesha, ukachomoa ufunguo, hapo imekufa. Hata kije kijiji kizima haisogei mpaka ufunguo urudi." Mwanahawa aliandika yote kwenye daftari. Mimi niliandika moja tu, kwa rangi nyekundu, kwenye kioo cha nyuma: USISUKUME. Maana huku kwetu gari ikisimama barabarani, kabla hujafungua mlango, wanaume sita wa huruma wameshaegemeza mabega na wanakuuliza, "Umetia gia ya pili?" Kuwaeleza kwamba gari haina gia ya pili ya kutia kulichukua muda kuliko safari yenyewe.

Kilichotuokoa ni mchanga. Ukitoka mjini ukapita Ziwani, ukashika zile njia za kwenda mdomoni mwa Ruvuma, gari nyingi zinazama mpaka tumboni. Noah yetu ilikuwa inapita kama mbuzi. Watu wa kwanza kutugundua walikuwa wafiwa. Kilio hakisubiri barabara ikauke, na ndugu wanatoka kila pembe, wengine wamevuka mto kutoka Msumbiji na vifurushi kichwani. Mvua za kwanza hazijaisha, sisi tukawa gari la misiba. Nilikuwa naendesha, Mwanahawa anapanga watu, anapokea nauli, anaangalia saa, na kule pwani anaangalia maji, maana mimi nikishaanza kuongea bahari inaweza kunipita nyuma ya mgongo. Tulikula kwenye vilio karibu kila siku, ubwabwa na maharage kwenye sinia, au ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, tumekaa kwenye mkeka na watu ambao jana hatukuwajua. Nilinenepa mwaka ule. Ni aibu kunenepa kwa misiba, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Na kwenye vilio ndiko nilikopata jina. Ukoo wetu una watani wengi ukanda ule, na mnajua mtani kazi yake msibani ni nini. Wenyewe wanalia, wewe unacheza. Unalala kwenye mkeka wa marehemu unajifanya wewe ndiye, unamsema tabia zake, unaficha mwiko, unadai mpaka upewe kitu. Mfiwa haruhusiwi kukasirika, na wewe akikurudishia hukasiriki pia. Kinachochukuliwa kinakombolewa kwa maneno, mnapatana bei, mnashushana, mnatukanana meno na miguu, mwisho mtu anatoa kipande cha sabuni na watu wamecheka, na siku imesogea. Mimi nilikuwa hodari. Leo nasema bila kujisifu sana, maana nitakuja kusema la kujishusha sasa hivi. Watu walianza kuniulizia kabla ya kuulizia gari. Mwanahawa aliniambia siku moja tunakula mihogo ya kuchemsha chumbani, "Shoga, siku hizi ukiingia kwenye kilio unaangalia kwanza watu wangapi wapo." Nikamwambia ana wivu. Akasema labda. Akaendelea kumenya.

Siku yenyewe tulipeleka wafiwa kwenye kijiji cha mwisho kabisa, nyuma ya mikoko, karibu na mdomo wa mto. Jina lake sisemi, watu wake wapo na simu wanazo. Aliyefariki ni Mzee Dadi, kaka yake Bi Fatu, na wote wawili walikuwa watani wangu wa haswa. Kufika kule unavuka mkono wa bahari unaoingia ndani. Maji yakitoka unapita juu ya mchanga mgumu, gurudumu halilowi. Yakijaa, kijiji kinakuwa kisiwa mpaka yatoke tena. Na kuna saa mbaya ya katikati, maji ni mengi mno kwa bodaboda na ni machache mno kwa mtumbwi, mitumbwi yote imelala kwenye tope na watu wanaangaliana kutoka kila upande. Mwanahawa alisimama ukingoni, akaangalia mstari wa unyevu kwenye mizizi ya mikoko, akasema, "Ni bamvua, leo maji yatajaa kuliko siku zote. Tukishamaliza kula tunaondoka. Hatungojei kahawa." Nikasema sawa. Nilikuwa nasema sawa kwa kila kitu.

Tulikuta kilio kikubwa. Jeneza lilishaondoka na wanaume wote wameenda makaburini, mbali huko kwenye mikorosho. Wanawake walikuwa uani. Jiko la mawe lilikuwa linawaka chini ya mapipa mawili ya chakula, kuni mbichi za mkoko, na upepo unarudisha moshi wote ndani ya ua. Nilimwona Mwanahawa anajifunika pua na mtandio. Nilimwona, nikaenda kulala kwenye mkeka wa Mzee Dadi.

Mzee Dadi, Mungu amrehemu, alikuwa mtu ambaye hakuitikii salamu mpaka aone una nini mkononi. Basi nikajifunika kanga mpaka kidevuni, nikaanza kulalamika kwa sauti yake. Nani kagusa kiti changu. Nani kapika ubwabwa wote huu, mngenipikia nikiwa hai ningekufa nimeshiba. Wanawake walicheka mpaka wakashikana. Bi Fatu alikuwa kwenye kigoda, mwanamke mrefu, mkavu, jino moja la mbele limeenda zake, analia na kucheka kwa jicho lile lile. Akasema, "Kaka, nyamaza, umekufa." Nikasema, "Nitakufaje na wewe bado hujanirudishia ungo wangu?" Hapo ua wote ukalipuka, na mimi nikawa naelea kabisa, mtu mwenye furaha kuliko wote kwenye msiba.

Ndipo nikamwona Mwanahawa kwenye kona ya jiko, kwenye moshi. Alikuwa ananiita kwa mkono. Mkono mmoja kifuani, mwingine unapunga, mdomo uko wazi. Nikajua ni mambo ya maji, bahari inajaa, tuondoke. Nasema nikajua, lakini nimeshakuwa mtu mzima na nimeirudia picha ile mara nyingi mno. Mtu anayekuita kwa ajili ya maji hashiki kifua. Watu walikuwa wananiangalia wanasubiri neno linalofuata, na mimi neno lilikuwa limeisha. Basi nikachukua lile alilonipa. Nikainuka nusu mkekani, nikashika kifua, nikatoa macho, nikapunga mkono kama wake vile vile, nikavuta pumzi kwa filimbi: "Somoe... maji... Somoe... maji..." Walicheka kuliko vyote vilivyotangulia. Niliporudi kulala nikachungulia kona ile, Mwanahawa hakuwepo. Nikasema moyoni, kanuna, nitamwomba radhi njiani.

Nikiwa nimefumba macho nikasikia mtu anafungua pindo la kanga yangu. Ufunguo. Bi Fatu aliuinua juu watu wauone, akasema taratibu, "Maiti haendeshi gari." Ulikuwa utani mzuri. Hata leo nauheshimu.

Haukupita muda, labda wa kupakua sinia mbili, mama mmoja wa jikoni akaja akainama masikioni mwangu. "Mwenzako yuko nyuma ya choo. Nenda kamwone." Nikaenda najikung'uta mkeka, nimeshatengeneza na neno la kuomba radhi, la kuchekesha. Mwanahawa alikuwa amekaa chini kaegemea ukuta wa makuti, mikono kaishindilia magotini, mabega yanapanda na kushuka kama mtu anayetwanga. Midomo imekuwa rangi ya jivu. Pampu ilikuwa mkononi. Akaibonyeza mbele yangu, ikatoa hewa tu, hata mvuke haukuja. Akasema, "Ime," akavuta, "kwisha." Halafu akasema, "Muda," na hilo hakulimaliza. Nikamwambia ngoja, nakuja na gari. Nikakimbia, halafu nikakumbuka gari iko kwenye P chini ya mti wa mkungu, na ufunguo sina.

Nilifika mbele ya Bi Fatu nahema. "Mtani, nipe ufunguo. Mwanahawa kabanwa."

"Maiti kafufuka," akasema mwanamke mmoja pembeni.

Bi Fatu akaniangalia kwa lile jicho lake la kuchunguza bei. Alikuwa anaongea Kiswahili chetu cha huku, cha n nyingi. "Kabanwa na nini, ntani? Na ubwabwa?"

"Kweli Bi Fatu. Pumu. Hawezi kupumua."

Bi Fatu akashika kifua. Akatoa macho, akapunga mkono, akavuta pumzi kwa filimbi, "Somoe... maji..." Ilikuwa yangu ile ile, hata pahali pa kukata sauti palikuwa pangu. Ua ukaanguka kwa kicheko. Na chini ya kile kicheko, mimi peke yangu, nilikuwa nasikia ile ya kweli kutoka nyuma ya choo. Nikaapa kwa Mungu. Akasema hata kaka yake alishaapa hapo mkekani kwamba hajafa. Nikaanza kulia, machozi ya kweli kabisa, na wakanipigia makofi, maana mtani akijua kulia vizuri anapigiwa makofi. Nilifikiria kumnyang'anya, lakini hakuwa na ufunguo mkononi, na ningemgusa mfiwa kwa hasira wale wanawake wangenifunga kwa kanga, huku bado wanacheka. Kila mlango niliougusa nilikuwa nimeufunga mwenyewe mwaka mzima, kilio kwa kilio.

"Taja bei," nikasema.

"Nguru mzima. Wa kukaanga."

"Utapata."

Akanyanyua nyusi. "Nguru na doti ya kanga. Mpya."

"Utapata."

"Basi nipe gari yenyewe."

"Chukua."

"Na nusu ya mwenzako?"

"Chukua na nusu yake. Gari ni yako Bi Fatu, mashahidi hawa hapa. Ila nipe ufunguo sasa hivi niendeshe gari yako, nimpeleke mtu hospitali."

Mtani hakubali bei ya kwanza. Anashusha, anatukana, anasema kanga unavaa wewe na miguu hiyo. Mimi nilikubali mara nne mfululizo na sikugusa hata lile jino lake. Nikaona kicheko kinakauka usoni mwake, kuanzia machoni, halafu mdomo ukafuata. Akainuka. Akashika pindo la kanga yake, halafu akasimama vile vile na mkono kwenye pindo, akasema kwa sauti ndogo, "Nimeufukia kwenye unga."

Kulikuwa na mabeseni matatu ya unga wa muhogo, ya kupikia watu mia, na yeye kwa kuhangaika na wageni hakukumbuka ni lipi. Nakumbuka wanawake sita wamepiga magoti, mikono myeupe mpaka viwiko. Unga ulikuwa unaruka na mimi nikawa naziba pua nikidhani nitamwokoa mtu kwa kuziba pua yangu. Ulitoka kwenye beseni la tatu. Aliyeupata aliufuta kwa kanga kabla ya kunipa, kama vile ningedai uwe safi.

Tulimbeba Mwanahawa kwenye mkeka ule ule niliokuwa nalalia, tukamweka kiti cha katikati, mama wa jikoni akamshika kwa nyuma akae wima. Bi Fatu akapanda mbele. "Gari yangu haiendi bila mimi," akasema, na hakuna aliyecheka, wala yeye. Tulipofika ukingoni ilikuwa ile saa mbaya. Maji ya kahawia yametanda kutoka mikoko mpaka mikoko, mitumbwi imelalia ubavu ng'ambo, na kijana wa bodaboda amekaa juu ya pikipiki yake anatikisa kichwa kabla sijauliza. Nilisimamisha gari. Nilikumbuka sauti ya Chilumba, maji ya chumvi usimwonyeshe hata kwa mbali.

Bi Fatu alishafungua mlango. Alijifunga kanga juu ya magoti, akavunja fimbo ya mkoko, akaingia majini. "Hapa naokota chaza tangu sijavunja ungo," akasema bila kugeuka. "Chini kuna njia ya mchanga mgumu na kuna tope la kumeza ng'ombe. Fuata ngongo wangu. Usitazame maji."

Nikatia L, gia ya kutambaa, nikakanyaga kidogo, nikaingia nyuma yake. Niliangalia ule mgongo. Kanga nyeusi na nyeupe, maandishi yake siyasomi, fimbo inachoma kulia, inachoma kushoto, anakunja, na mimi nakunja. Maji yakafika kwenye ngazi ya mlango. Yakaingia ndani, ya baridi, yakanishika vidole. Hapo ndipo unaijua fowili ni nini: gurudumu la nyuma likateleza, gari ikakaa upande, halafu yale ya mbele yakashika na kuivuta kama mtu anayevutwa mkono na ndugu yake. Nilikuwa na mguu mmoja tu wa kazi na huo niliuapia usinyanyuke. Katikati kabisa Bi Fatu alizama mpaka kiunoni, akasimama, akapapasa kwa fimbo. Injini inaunguruma, mapovu yanatoka nyuma. Na nyuma yangu filimbi ya Mwanahawa ikapungua. Ikawa ndogo, ikawa ndogo tena, ikanyamaza. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, nikasema, "Kapata nafuu." Nesi ndiye alikuja kunieleza baadaye kwamba filimbi ikinyamaza ndiyo mbaya zaidi, maana yake hakuna hewa hata ya kupigia filimbi. Mimi nilivuka nusu ya pili ya ule mkono wa bahari nikiwa na furaha.

Gari ile ilikufa wiki ya pili yake. Chilumba alichomoa kijiti cha kupimia oili ya gia boksi, kikaja na kitu kizito cha rangi ya uji wa maziwa, oili iliyoingiwa na maji ya bahari. Alikitazama, akakirudisha, akafunika boneti polepole kama anavyofunikwa mtu uso. Hakuniuliza. Lililosemwa kwenye kilio limesemwa, kwa hiyo nilimpelekea Bi Fatu viti vya nyuma, akaviweka barazani kwake, na miaka yote hiyo wageni wake walikuwa wanakalia Noah. Bodi iliishia kwa watu wa vyuma chakavu. Sikuwahi kumiliki gari nyingine na wala sijatamani. Lakini nimekimbia mbele ya habari, tabia yangu, nikiona pagumu narukia panapochekesha.

Pagumu ni kituo cha afya. Walimpokea kwa mbio, wakamchoma sindano, wakamvisha barakoa ya plastiki yenye mpira inayotoa mvuke, wakatufukuza. Tulikaa kwenye benchi la korido, mimi na Bi Fatu, maji yanatutoka na kufanya bwawa kwenye sakafu iliyopigwa deki sasa hivi. Msafishaji alituangalia akaamua asituseme. Unga ulikuwa umegandia mikononi mwa Bi Fatu mpaka viwiko. Alikaa muda mrefu anaubandua, kipande kwa kipande. Halafu akasema, bila ukali wowote, kama mtu anayeuliza njia, "Mimi nilikuwa nakuiga wewe. Wewe ulikuwa unanwiga nani?"

Nilikuwa na majibu. Mimi siku zote nina majibu. Nikaangalia miguu yangu, ule wa kushoto na ule wa kulia, yote ina matope.

Jua limeshateremka nesi akasema mmoja aingie. Kilikuwa chumba cha vitanda vinne, dirisha moja, pazia la kijani lisilofika chini. Mwanahawa alikuwa amekalishwa kwenye mito miwili. Midomo imerudi rangi yake. Mvuke unaingia na kutoka na kifua kinakwenda, si vizuri, lakini kinakwenda. Nikavuta kigoda nikakaa. Nilishapanga nitakavyoanza, nilipanga njia nzima kutoka korido mpaka kitandani. Nitamwambia shoga, nimegawa gari yako bila kukuuliza. Atacheka, atakohoa, nesi atatugombeza, na sisi tutakuwa sisi. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

Akashusha barakoa mpaka kidevuni. Alikuwa anaongea kwa vipande, anapumzika katikati. Hakuuliza gari. "Pale uani," akasema. Akavuta. "Nilipokuita." Akavuta tena. "Uliniona?"

Ningeweza kusema moshi. Moshi ulikuwepo, kila mtu ni shahidi. Ningeweza kusema nilidhani maji.

"Nilikuona," nikasema.

Akanitazama kidogo, si kwa hasira. Halafu akairudisha barakoa puani, akageuzia uso dirishani, akaendelea kuvuta.